Mtoto Akitaka Kuwinda, Kwanza Mtafutie Msitu

Swali la safari hii limetoka kwa baba mmoja anayeishi Bowling Green, hapa Kentucky, Mkongo wa upande wa Fizi, mwenye watoto wanne. Anasema kijana wake wa miaka 10 anarudi shuleni na hadithi za wenzake wanaokwenda na baba zao kuwinda kindi na sungura, na kila jioni anauliza, "Baba, na sisi lini?" Baba mwenyewe uwindaji anaujua. Amekulia kwenye mbwa na nyavu. Asichokijua ni mahali. "Dada," ameniandikia, "kila ninakotazama naona uzio. Hawa wenzetu wanawindia wapi?"

Kaka yangu, macho yako hayajakudanganya. Sehemu kubwa sana ya ardhi ya Kentucky ni mali ya watu binafsi, na sheria ya jimbo iko wazi: huingii kwenye shamba la mtu kuwinda bila ruhusa yake, hata kama hakuna kibao wala seng'enge. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo pori la nyuma ya kijiji ni la wote, mtu anapita na mbwa wake na hakuna wa kumuuliza. Hapa lile pori lililo nyuma ya kiwanda lina mwenyewe, na kile kijisitu kinachopakana na maegesho ya apatimenti kina mwenyewe pia. Na wale kindi wanaokimbizana kwenye miti ya hapo hapo apatimenti, nawaomba sana, waacheni. Miji ina kanuni zake kuhusu kufyatua silaha, mara nyingine hata bunduki ya upepo. Jirani akipiga simu, polisi watafika wakiwa wameambiwa kuna mtu mwenye bunduki karibu na nyumba za watu, na wewe uko pale na mwanao.

Lakini ardhi ya umma ipo, na ni kubwa kuliko wengi wenu mnavyodhani. Mashariki mwa jimbo kuna Msitu wa Taifa wa Daniel Boone, zaidi ya ekari 700,000, na sehemu kubwa yake inaruhusiwa kuwindwa wakati wa msimu. Walio Lexington wakishika barabara kuu ya 64 kuelekea Morehead wanaufikia kwa mwendo wa saa moja hivi. Magharibi, katikati ya Ziwa Kentucky na Ziwa Barkley, iko Land Between the Lakes, ekari 170,000 hivi, nyingine zikiingia Tennessee. Huko kuna kibali cha ziada, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuwasha gari. Kisha yako yale maeneo yenye vibao vilivyoandikwa WMA, ardhi inayosimamiwa na Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Kentucky. Watanzania, msiyafananishe na WMA za nyumbani, ambako ardhi ni ya vijiji. Haya yanasimamiwa na jimbo, na mwananchi wa kawaida mwenye leseni anaingia. Walio Louisville wana Taylorsville Lake. Kaka yangu wa Bowling Green, wewe una Barren River Lake, karibu na Glasgow, na huna haja ya kwenda mbali zaidi ya hapo kwa kuanzia. Walio Owensboro wana Peabody, ardhi kubwa iliyochimbwa makaa ya mawe zamani, sasa imeota majani na vichaka. Nayo inadai kibali chake.

Ndugu zetu Wakenya, najua wengine mnashtuka, maana kwenu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na mmekua mkijua kwamba anayebeba bunduki porini ama ni askari ama ni jangili. Hapa mambo yamepangwa kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1937 kuna sheria inayoitwa Pittman-Robertson: watengenezaji na waagizaji wa bunduki ndefu na risasi hutozwa kodi ya asilimia 11, na fedha hiyo inarudi majimboni kutunza wanyamapori na makazi yao. Hesabu mwenyewe: ukinunua pakiti ya risasi na leseni, umechangia kulitunza lile pori. Kwa hiyo ukifika getini usijikunyate kana kwamba umeingia kwa kuibia. Una haki ya kuwa pale sawasawa na yule mwenye gari kubwa la pikapu.

Sasa, si kila msitu wa serikali unawindwa, na hapa ndipo watu wanapopata matatizo. Mammoth Cave iko jirani kabisa na Bowling Green, ina miti mizuri na kindi wa kutosha, lakini ni hifadhi ya taifa na uwindaji ni marufuku. Bustani za jimbo nazo kwa kawaida haziruhusu, isipokuwa kwa mpango maalumu uliotangazwa. Hata ndani ya ardhi inayoruhusiwa, kila eneo lina masharti yake. Karibu na Ziwa Cave Run kuna eneo linaloitwa Pioneer Weapons, ambako bunduki za kisasa haziruhusiwi kabisa. Ni pinde, na bunduki za kushindilia baruti kama za zamani. Fikiria mtu amewabeba watoto alfajiri, amefika, ndipo anasoma kibao. Na ndani ya mipaka ya Daniel Boone mna mashamba ya watu yamechanganyika na msitu, kwa hiyo rangi ya kijani kwenye ramani ya gari isikutoshe. Chukua ramani ya idara au ya Huduma ya Misitu, inayoonyesha kipande kwa kipande. Humo msituni hufyatui risasi ndani ya yadi 150 kutoka nyumba, kambi au mahali pa mapumziko, wala kuvusha barabara.

Mkishapata majina mawili matatu ya mahali, chagueni kwa kufuata miguu ya mtoto. Mwindaji mzima anataka palipo na wanyama wengi. Mzazi anataka palipo karibu na gari, penye njia inayoonekana, penye kijito cha kurushia mawe, na mpaka ulio wazi ili msijikute kwa jirani. Mtoto wa miaka 8 akichoka, safari imekwisha, hata kama kindi wako juu ya vichwa vyenu. Mahali penye kindi watatu na mwendo wa robo saa kutoka kwenye gari panashinda bonde lenye kindi mia ambalo utarudi umembeba mtoto mgongoni, na bunduki mkononi. Hilo la mwisho ni hatari, na silitaki.

Halafu nendeni bila bunduki. Nasema hivi nikijua kina baba hawatapenda kulisikia. Nendeni Julai au mwanzoni mwa Agosti, familia nzima, mama akiwemo, na chupa za maji na maandazi. Msimu wa kindi hapa Kentucky hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, na wakati huo wanakula njugu za miti ya hikori. Mfundishe mtoto kuujua mti wenyewe: ule mkubwa wenye gome lililobanduka vipande virefu vilivyokunjamana, kama mti unaovua nguo. Akiukuta, ainame atazame chini. Kindi akila juu anaangusha maganda na unga wa maganda. Ya leo ni mabichi, kijani kwa nje na meupe ndani, ya wiki iliyopita yameshageuka meusi. Mtoto akiokota ganda bichi na kulinusa, tayari ameshakuwa mwindaji, na hajagusa silaha yoyote. Kisha mkae chini ya mti, migongo kwenye shina, kimya. Baada ya dakika chache mtasikia meno yakikwangua juu, na vumbi la maganda litawanyeshea mabegani. Nimeona watoto wa hapa, waliozoea simu na vipindi vya televisheni, wakishika pumzi zao kwa sauti ile.

Sungura ni habari nyingine. Hao msimu wao ni kuanzia Novemba, nao hawakai msituni pakubwa. Watafuteni kwenye mashamba yaliyoachwa, kwenye miiba ya matunda ya porini, kwenye marundo ya matawi, pale majani yanapokutana na kichaka. Baba zetu waliozoea kuwinda na mbwa watajiona nyumbani, kwa sababu wenyeji wanawinda sungura kwa mbwa wadogo wa aina ya beagle, na sungura akikurupushwa hupiga mzunguko na kurudi karibu na alipotokea. Ila nyavu na mitego, kaka zangu, ziacheni. Utegaji una leseni yake na kanuni zake, na uzoefu wa Kivu hausaidii mbele ya askari wa wanyamapori.

Na yule mkulima je? Usimkate tamaa kabla hujamuomba. Wakulima wengi wanaona sungura na kindi kama wezi wa bustani, na baba mwenye mtoto ni rahisi kukubaliwa kuliko vijana wanne kwenye gari. Nenda mchana, siku ya kawaida, bila bunduki garini, uende na mtoto. Simama mbali kidogo na mlango ukishagonga. Jitambulishe, sema unaishi wapi na unafanya kazi wapi, sema ni sungura tu, ni bunduki moja, ni asubuhi moja. Akikataa, mshukuru na uondoke. Akikubali, muombe aandike kwenye karatasi, aonyeshe mipaka yake na upande wenye ng'ombe. Bora zaidi ni kuanzia kwa mwenzako wa kiwandani au muumini mwenzako kanisani ambaye ana shamba au mjomba mwenye shamba. Kisha msimu ukiisha, mama apike sambusa, zipelekwe zikiwa za moto. Ruhusa ya mwaka ujao inaombwa hivyo.

Tuje kwenye karatasi. Kentucky haimdai leseni ya kuwinda mtoto wa miaka 11 kwenda chini. Kuanzia miaka 12, leseni inahitajika, na cheti cha mafunzo ya uwindaji pia, kwa kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1975. Wazazi wengi mnaonisoma mmo humo, kwa hiyo msidhani kozi ni ya watoto peke yao. Mimi nashauri mzazi na mtoto waisome pamoja. Kiingereza cha kozi kikimkwaza baba, mtoto atamfafanulia. Na pale mtoto asipoelewa mambo ya upepo na mlio, baba ataeleza. Leseni za Kentucky huanza kuhesabiwa Machi 1, basi usinunue Februari ukadhani umepata mwaka mzima. Kikomo cha siku kwa mwindaji mmoja ni kindi 6 na sungura 4. Kanuni hutazamwa upya kila mwaka, kwa hiyo chukueni kijitabu cha msimu huu. Kinatolewa bure, na kipo mtandaoni.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa kina baba. Wengi wa watoto wetu wakubwa, na mama zao, mlio wa bunduki waliujua wakiwa wanakimbia. Kuna waliozaliwa kwenye kambi za wakimbizi, Nyarugusu au Nakivale, ambao hawakuuona wenyewe, lakini wameusikia kwenye hadithi za usiku na wameuona kwenye sura za wazazi. Mtoto anaweza kuisubiri safari kwa hamu wiki nzima, kisha mlio wa kwanza ukamtoa machozi yasiyokauka. Wala si woga wa kitoto. Kwa hiyo muulizeni nyumbani, taratibu, na mumuulize mama yake pia. Mpelekeni kwanza kwenye uwanja wa shabaha, masikio yamezibwa vizuri, akae mbali, asogee mwenyewe akitaka. Anzeni na risasi ndogo ya kipimo cha ishirini na mbili, ambayo mlio wake ni mdogo; bunduki ya marisau yenye teke kubwa isubiri mabega yakomae. Na akisema hataki kufyatua, abebe darubini, awe ndiye anayetafuta kindi juu ya mti. Mtoto huyo amekwenda kuwinda na baba yake kama mwingine yeyote. Mzazi anayemlazimisha mtoto kushika silaha ili "awe mwanamume" amemkosea, na nasema hivyo hata kwa wale ninaowaheshimu.

Mkiwa porini bunduki iwe moja kwa mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Risasi zikae mfukoni mwa mzazi mpaka wakati wa kufyatua. Mtutu hauelekezwi kwa mtu hata bunduki ikiwa tupu, kidole hakigusi kifyatulio mpaka shabaha imeonekana yote, na kabla ya kufyatua mtoto aseme kwa sauti kilichoko nyuma ya shabaha. Kindi aliye juu ya tawi na nyuma yake mbingu tupu haguswi kwa risasi ya ishirini na mbili, kwa sababu risasi hiyo inasafiri zaidi ya maili moja. Vaeni kofia na fulana za rangi ya chungwa inayong'aa kila mara. Msimu wa kulungu kwa bunduki sheria inawadai hata nyinyi wa kindi na sungura. Ile wikiendi ya kwanza ya bunduki ya kulungu, Novemba, kaeni nyumbani. Nyumbani bunduki ifungiwe kabatini, risasi kwingine. Mpango wa Project ChildSafe hugawa kufuli za bunduki bure kupitia vituo vingi vya polisi, basi ulizeni kituo chenu.

Kuna jambo la hadhi ya uhamiaji ambalo watu wanaona aibu kuniuliza. Mkimbizi aliyepokelewa kisheria na mwenye kadi ya kijani hawakatazwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki ya kuwindia kwa sababu ya hadhi zao. Mwenye viza ya muda, kwa mfano ya masomo au matembezi, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa kwa masharti maalumu. Asiye na karatasi amekatazwa kabisa, hata kuishika tu. Na kosa la silaha linaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye kadi ya kijani. Kabla ya kununua chochote, muone mwanasheria wa uhamiaji. Msikubali kuazimwa bunduki na rafiki kwa maneno ya "haina neno." Mkikutana na askari wa wanyamapori, toeni risasi, bunduki ielekee chini, salimianeni naye, toeni leseni. Watoto wafundishwe mapema kwamba yule ni mtu wa kawaida anayefanya kazi yake, wasikimbie.

Kupe! Nilitaka kusahau, na Agosti ndiyo sikukuu yao. Ingizeni suruali ndani ya soksi, pulizeni nguo dawa ya permethrini siku moja kabla, na mkirudi mtazame watoto kwapani, nyuma ya masikio na kichwani. Yuko kupe mwenye doa jeupe mgongoni ambaye kuumwa naye kunaweza kumfanya mtu apate mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Kupe akishashika, mng'oeni kwa kibano, taratibu, mkivuta moja kwa moja juu.

Nyama yenyewe, basi. Kindi wa Agosti mara nyingine ana uvimbe chini ya ngozi wenye buu la nzi ndani. Linachukiza macho lakini nyama haijaharibika, linaondoka na ngozi. Kumchuna, lowesha manyoya kwanza yasigande kwenye nyama. Kata chini ya mkia mpaka mfupa ukatike bila kukata ngozi ya juu, kanyaga mkia, shika miguu ya nyuma, vuta juu polepole. Ngozi inatoka kama shati mpaka mabegani. Ukichuna sungura vaa glavu, kwa sababu anaweza kuwa na tularemia, na nyama yake iive kabisa. Ubongo wa kindi msiule, hata mwenyeji akiusifu. Mwaka 1997 madaktari wa hapa Kentucky waliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa wa ugonjwa adimu wa ubongo waliokuwa na desturi hiyo, na ingawa uhusiano haukuthibitishwa, sioni sababu ya kujaribu. Kindi mchanga anakaangwa, mzee anachemshwa muda mrefu na kitunguu, nyanya na pilipili, kisha mawese na bugali. Wenyeji wenyewe walimtia kwenye mchuzi wao mzito wa burgoo tangu zamani, kwa hiyo mtoto akiulizwa shuleni amekula nini, hana cha kuficha. Wasomaji wangu Waislamu, sungura Masunni wengi wanamla. Kuhusu kindi muulizeni shehe wenu, na jina la Mungu litajwe kabla ya kufyatua.

Kaka yangu wa Bowling Green, nakupa kazi moja. Baada ya Krismasi, shule zikiwa zimefungwa, Kentucky huwa na wiki ambayo watoto chini ya miaka 16 wanawinda wanyama wadogo bila leseni. Majani yameshaanguka, kupe wamepungua, sungura wako vichakani. Mna muda wa kutosha kabla ya hapo. Wiki hii pigia simu idara, waombe ramani ya Barren River Lake na kanuni zake, na Jumapili baada ya ibada wapeleke watoto wote wanne wakatembee huko mikono mitupu.